Askari katika Jedwali la Elementi



Vijana wetu husema kwamba sayansi haikubali kusemwa kwa Kiswahili. Juma hili tunaomba kuwajibu kwa mchezo ambao baba, mama na watoto wanaweza kuucheza baada ya chakula cha jioni, iwe Mbuya, iwe Nsambya. Hauhitaji fedha. Unahitaji kalamu, karatasi, na lile jedwali la elementi lililomo katika vitabu vya kemia.

Jedwali hilo lilitolewa na Mrusi Dmitri Mendeleev mwaka 1869, na leo lina elementi 118. Kila elementi ina alama yake ya herufi moja au mbili. Kanuni ya mchezo ni moja tu: neno la Kiswahili liandikwe kwa alama hizo, pasipo kuzidisha wala kupunguza herufi.

Tuanze na yaliyo madogo. Sodiamu ni Na, na kweli tabia yake ni kuunganisha, kwani hushikana na klorini ikawa chumvi, kama ile ya ziwa Katwe. Nikeli ni Ni, hukubali. Silikoni ni Si, hukanusha. Lanthanamu ni La, hukataa kabisa. Dhahabu ni Au, na tangu kale dhahabu humtaka mwanadamu achague: mali au utu.

Twende jikoni. Wali hupatikana kwa tungsteni, aluminiamu na iodini: W, Al, I. Kuku ni potasiamu na uraniamu, kisha hao hao tena: K, U, K, U. Nanasi ni Na, Na, Si. Posho, chakula mashuhuri cha kambini, ni fosforasi, oksijeni, salfa na holmiamu: P, O, S, Ho. Pesa ya kuvinunulia vyote hivyo haiandikiki, jambo lisiloweza kumshangaza mama yeyote wa nyumbani ifikapo tarehe 20 ya mwezi.

Baba yumo, bariamu mara mbili. Mama hayumo, lakini akina mama wasikasirike upesi. Mwaka 1925 wanasayansi watatu wa Ujerumani, mmoja wao mwanamke aitwaye Ida Tacke, walitangaza kwamba wameiona elementi ya 43. Wakaiita masuriamu, alama yake Ma. Ugunduzi huo haukuthibitika. Elementi hiyo ilipatikana kwa hakika huko Italia mwaka 1937, na leo huitwa teknetiamu, Tc. Basi mama alikaribishwa, akatolewa, na baba akabaki peke yake na watoto. Hali ya nyumba hiyo mnaweza kuikisia wenyewe.

Polisi wamo kamili: poloniamu, lithiamu, silikoni. Bunduki nayo imo: B, U, Nd, U, K, I. Risasi ndiyo haipatikani, ingawa elementi ya 82, yenye alama Pb, kwa Kiswahili huitwa risasi! Mtunza ghala atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Jeshi halimo, kwa kuwa herufi J haikutumika popote katika jedwali. Kampala, kinyume chake, imo yote: K, Am, Pa, La.

Sasa tumtazame askari: As, K, Ar, I. Arseniki ni sumu. Potasiamu imo katika majivu ya maganda ya ndizi. Argoni ni gesi isiyopenda kujishughulisha na yeyote, na jina lake kwa Kigiriki ni mvivu. Iodini huua vijidudu katika jeraha. Mkali, mnyenyekevu, mvivu na mganga: kikosi gani hakina watu hao wanne?

Lakini askari huyu hakuwamo zamani. Hadi mwaka 1957 alama ya argoni ilikuwa A peke yake. Kwa A hiyo mtu aliweza kuandika Uganda, yaani U, Ga, Nd, A. Na aliweza kuandika amani, yaani Am, A, Ni. Mwaka huo wataalamu wa kimataifa wakaongeza herufi moja, A ikawa Ar. Palepale askari akapata nafasi yake, na amani ikapoteza yake. Uganda nayo ikatoka, ikiwa imebakiza miaka 5 kupata uhuru.

Vita haikutikisika. Imo tangu zamani, nayo ni V, I, Ta: vanadiamu ya kukazia chuma cha pua, iodini ya kupaka majeraha, na tantalamu itokayo katika koltani, madini ambayo makundi yenye silaha yameyapigania mashariki mwa Kongo.

Wakubwa wanaocheza nyumbani wasilipite jambo hili kwa kicheko tu. Vitu vya kuundia vita hupatikana ardhini tayari. Amani haichimbwi popote. Hutengenezwa na watu, siku kwa siku. Askari aliyeingia ilipotoka amani anajua ni kazi gani aliyoachiwa.

Kwa watoto, kazi ya juma hili ni hii: tafuteni neno refu kuliko Kampala.