Hita ya Maji: Okoa Fedha Kwenye Bomba, si Kwenye Waya

Wafanyabiashara wengi wa Kahama, Geita na Shinyanga mjini waliopata faida katika dhahabu, pamba au mpunga wameiweka kwenye nyumba za kulala wageni. Si uamuzi mbaya. Tangu mgodi wa Bulyanhulu uanze uzalishaji mwaka 2001, na hata baada ya Buzwagi kufungwa mwaka 2021, madereva, wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu hawajaacha kutafuta kitanda. Mgeni atokaye machimboni hufika na vumbi, na swali lake pale mapokezi ni moja: maji ya moto yapo?

Hapo ndipo hita inapoingia katika hesabu za biashara. Inapokufa, mwenye gesti hujiuliza: hita mpya ipo dukani, spana ninayo, kwa nini nimlipe fundi? Maoni ya safu hii ni kwamba nusu ya hesabu hiyo ni sahihi na nusu ni hatari.

Kwanza, usikimbilie kununua tangi jipya. Mara nyingi kilichokufa ni elementi au thamostati tu, na vyote viwili hubadilishwa. Waliounganishwa na maji ya Ziwa Victoria yanayotoka Ihelele kupitia KASHWASA wana nafuu. Wanaotumia visima vyenye maji ya chumvi hupata utando mgumu juu ya elementi; joto hushindwa kutoka, na elementi hukatika mapema.

Kama tangi lenyewe limetoboka, kazi ya bomba unaweza kuifanya mwenyewe, baada ya umeme kuzimwa na waya kutenganishwa na fundi. Funga koki, toa maji yote, funga tangi jipya kwenye ukuta imara, kwani tangi la lita 50 likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 50. Lijaze maji hadi yatoke kwenye bomba la moto ndipo umeme uwashwe. Elementi ikiwashwa kavu huungua mara moja.

Usisahau vali ya usalama. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka. Tangi la lita 50 huongezeka kwa takriban robo tatu ya lita, na ziada hiyo lazima ipate pa kutokea. Ndiyo sababu vali hudondosha matone. Wapo wanaoona matone hayo wakadhani ni uvujaji, wakaziba kwa plagi. Aliyeziba vali amemlaza mgeni wake jirani na bomu.

Sasa tuje kwenye umeme. Hita ya bafuni isiyo na tangi, yenye wati 5,500, hutumia karibu ampea 24 kwa umeme wa volti 230. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Waya wa taa, ule wa 1.5, haukutengenezwa kwa mzigo huo. Mwandishi wa safu hii aliwahi kujifungia hita ya namna hiyo, akaiunganisha na waya wa taa. Siku ya tatu plastiki ilinuka nyumba nzima, na ukuta ukabomolewa kutafuta waya ulioyeyuka. Ada ya fundi niliyoikwepa niliilipa mara kadhaa. Nashukuru hakuna aliyekuwa bafuni.

Hita inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye ubao wa umeme, wenye unene ambao fundi ameupigia hesabu, breka yake, na waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Bila ethi, elementi ikipasuka umeme huingia kwenye maji, na aliye chini ya maji hayo ni mteja wako. Mafundi wa kazi hii hupewa leseni na EWURA. Muombe akuonyeshe yake kabla hajafungua begi.

Mwisho, hesabu ya uendeshaji. Kupasha tangi la lita 50 kwa kiwango tulichotaja hula takriban uniti 2 za LUKU. Zidisha kwa idadi ya vyumba na siku za mwezi, ndipo upange bei ya chumba.

Ushauri wetu kwa mwekezaji mdogo: unapoulizia bei ya hita, usitaje hita peke yake. Andika hita, vali, waya, breka, ethi na fundi kwenye karatasi moja. Jumla ikikushinda, subiri msimu mwingine. Mgeni aliyeoga maji baridi atanung'unika asubuhi, kisha atalipa. Aliyepigwa na umeme hatalipa, na gesti hiyo haitapata mgeni mwingine.