MICHEZO NA MALEZI: Makofi Si Cheti cha Ualimu

Jua la Jumamosi linapoteremka kuelekea milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, viwanja vya mpira wa kikapu vya Bujumbura huanza kujaa watu. Fundi wa magari wa Buyenzi huja mikono yake ingali na mafuta, askari aliyemaliza zamu huja na watoto wake, na muuza karanga huwa na hakika ya wateja. Wengi huja kuwatazama vijana chipukizi, wale wa miaka 15 hadi 18, ambao miguu yao ni myepesi na matumaini yao ni makubwa.

Katika viwanja hivyo huonekana mara kwa mara mtu wa aina moja: mwalimu wa timu anayependwa kuliko timu yenyewe. Aghalabu ni mchezaji hodari wa zamani, ambaye watu wazima bado wanakumbuka mitupo yake. Akitokea, hupigiwa makofi. Akimkemea mwamuzi, hushangiliwa. Timu yake ikishinda, husemwa kwamba yeye ndiye aliyeshinda. Mtu kama huyo ni mali ya mtaa, wala si vyema kumbeza. Lakini wazazi na viongozi wa vilabu hawana budi kujiuliza swali moja kabla ya kumkabidhi vijana wao kwa miaka mingine: je, huyu anayependwa ndiye anayewafaa?

Na ichukuliwe nyumba ya mwanajeshi mmoja, iwe mfano wa nyumba nyingi. Baba ni sajini. Mtoto wake wa kiume ana miaka 16 na ni mchezaji wa timu ya mtaa ambayo imeshinda karibu michezo yake yote ya msimu. Mwalimu wa timu hiyo huwachezesha vijana 5 wale wale takribani dakika zote 40, na wengine 7 hukaa kwenye benchi na taulo mabegani. Mtoto wa sajini ni mmoja wa hao 7. Mtoto wa jirani yao, koplo wa polisi, ni mmoja wa wale 5, na kwa wiki tatu sasa amekuwa akichechemea.

Jioni, ugali na ndagala vikiwa mezani, mazungumzo huwa hayo hayo.

"Mama watoto, yule ni mwalimu wa kweli," asema baba. "Ana nidhamu kama ya kambini. Anayechelewa anakimbia mizunguko 20. Anayejibu anatolewa. Samaki mkunje angali mbichi."

"Ni kweli, baba watoto," ajibu mama. "Lakini anayemkunja samaki hutazama asimvunje. Mtoto wa jirani hawezi kupanda ngazi. Na huyu wetu, tangu mwezi wa tisa amefundishwa nini, isipokuwa kupiga makofi?"

Baba hunyamaza, maana swali hilo halina jibu jepesi.

Ili kumpima mwalimu wa vijana, ni vizuri kwanza kuelewa jinsi ushindi wa vijana unavyopatikana. Mpira wa kikapu huchezwa na watu 5 kila upande, kwa vipindi vinne vya dakika 10, na kila timu yaweza kuandikisha wachezaji 12. Katika umri mdogo ziko njia fupi za kushinda. Mojawapo ni kumtegemea kijana mmoja mrefu aliyewahi kukua, asimame karibu na kikapu na kupokea kila mpira. Nyingine ni ulinzi wa eneo, ambapo wachezaji hawamfuati mtu bali hulinda sehemu zao chini ya kikapu. Kwa watoto wa miaka 14 ulinzi huo ni kama ukuta, kwa kuwa wapinzani wao bado hawana nguvu ya kutupa mpira kutoka kwenye mstari wa pointi tatu, ulio mita 6.75 kutoka kikapuni.

Lakini miaka hupita. Wapinzani hufikia miaka 18, mikono yao hukomaa, nao huanza kufunga kutoka mbali. Ukuta ule hubomoka. Hapo ndipo hubainika kwamba vijana waliokingwa nao hawakujifunza kumlinda mtu mmoja mmoja, kusogeza miguu, wala kusoma hila za mpinzani. Yule kijana mrefu naye hukuta wenzake wamemfikia kimo, na yeye hajui kudunda mpira wala kutoa pasi. Vikombe vingali kabatini, lakini wachezaji wamekwisha. Basi mwalimu aweza kushinda leo kwa kutumia akiba ya kesho, kama mkulima alaye mbegu zake.

Jambo la pili ni mwili. Mifupa ya kijana wa miaka 15 bado inakua. Maumivu chini ya goti ni ya kawaida kwa vijana warukao sana, na dawa yake ya kwanza ni kupunguza mazoezi ya kuruka na kukimbia mpaka yatulie. Kumwambia kijana mwenye maumivu hayo "vumilia kiume" si ushujaa. Hata jeshini askari mgonjwa hupelekwa kwa mganga, kwa sababu kamanda mwenye akili anajua kwamba atamhitaji tena kesho.

Wasomaji wa jeshi na polisi watapenda kujua kwamba walimu wawili mashuhuri wa mchezo huu huko Marekani walikutana katika chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point. Mmoja ni Bob Knight, aliyefundisha timu ya chuo hicho kuanzia mwaka 1965 hadi 1971. Mwingine ni Mike Krzyzewski, aliyekuwa mchezaji wake na nahodha, akahitimu mwaka 1969, kisha akalitumikia jeshi kama ofisa. Wote wawili walikulia katika nidhamu. Hata hivyo njia zao ziliachana.

Knight alikwenda Chuo Kikuu cha Indiana, akatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 1976, 1981 na 1987. Mwaka 1976 timu yake ilicheza michezo 32 bila kushindwa hata mmoja. Alisisitiza masomo, na umati ulimpenda kupita kiasi. Lakini hasira zake zilikuwa kubwa kama sifa zake: mwaka 1985 alirusha kiti uwanjani katikati ya mchezo, na mwaka 2000 ilionekana picha ya mazoezi ya mwaka 1997, akiwa amemshika mchezaji wake shingoni. Chuo kilimwonya, na mwaka huo huo wa 2000 kikamwondoa. Maelfu ya wanafunzi waliandamana kumtetea. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli, lakini hayakuweza kuifuta picha ile.

Krzyzewski alifika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1980. Katika misimu yake mitatu ya kwanza alishinda michezo 38 akapoteza 47. Mashabiki walitaka afukuzwe. Viongozi wa chuo walitazama kazi yake ya kila siku, wakaona vijana wanajengwa, wakamwongezea mkataba. Ubingwa wa kwanza ulikuja mwaka 1991, na alipostaafu mwaka 2022 alikuwa ametwaa mataji matano, pamoja na medali tatu za dhahabu za Olimpiki kwa timu ya taifa lake. Kama makofi ndiyo yangeamua, wa kwanza asingeondoka kamwe, na wa pili asingemaliza hata mwaka wa nne.

Si lazima kwenda Marekani kutafuta funzo la subira. Sudan Kusini, jirani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya mataifa ya Afrika mwaka 2021. Mwaka 2023 ikacheza Kombe la Dunia, na mwaka 2024 ikawa katika Olimpiki ya Paris, ambako iliifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Kwa muda wote huo mwalimu mkuu alikuwa Royal Ivey, na shirikisho liliongozwa na Luol Deng, mchezaji wa zamani wa ligi kuu ya Marekani. Viongozi na mwalimu walikuwa na mpango mmoja, wakapewa nafasi ya kuufuata.

Bujumbura nayo ina kumbukumbu yake. Mnamo Novemba 2023, huko Johannesburg, timu ya Dynamo ilipata nafasi ya kuingia Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, nayo ikawa timu ya kwanza ya Burundi kufika huko. Machi 2024, mjini Pretoria, ikaifunga Cape Town Tigers 86 kwa 73 katika mchezo wake wa kwanza. Kisha ukaja mzozo juu ya tangazo lililokuwa kwenye fulana za mashindano. Dynamo haikucheza michezo miwili iliyofuata, ikaondolewa. Safari ya miaka mingi ikakatika katika siku chache.

Tukio hilo lina mafunzo mawili kwa mzazi. La kwanza ni kwamba ndoto za vijana wa Bwiza, Nyakabiga na Ngagara si njozi. Mtu wa mji huu aweza kufika mbali kwa mpira wa kikapu. La pili ni kwamba safari ya michezo yaweza kufungwa ghafla, kwa sababu ambazo si kosa la mchezaji wala la mwalimu wake. Goti laweza kuumia, fedha zaweza kukosekana, wakubwa waweza kutoelewana. Siku hiyo kijana atabaki na kile alichojifunza, pamoja na cheti chake cha shule. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia kijana aache mtihani kwa ajili ya mazoezi anacheza kamari kwa fedha ya mtu mwingine.

Je, yule mwalimu apendwaye na mtaa afukuzwe? La. Yeye ana mambo ambayo hayanunuliwi: vijana wanamsikiliza, wanakuja mazoezini kwa wakati, wanajiepusha na pombe na vijiwe kwa ajili yake. Mgeni mwenye vyeti vingi angehitaji miaka kuupata moyo wa vijana kama yeye alivyoupata. Nidhamu yake nayo ni neema. Kosa liko kwa wale waliomkabidhi timu bila kumwambia wanachotaka, kisha wakampima kwa vikombe tu. Mtu apimwaye kwa vikombe atatafuta vikombe.

Hapana budi kamati ya klabu, pamoja na wazazi, iketi naye kwa heshima na kukubaliana naye masharti machache yaliyo wazi. Kila kijana kati ya wale 12 aliye mzima acheze sehemu ya kila mchezo wa ligi ya vijana. Wiki za mitihani ziwe za vitabu. Kijana mwenye maumivu arudi uwanjani kwa idhini ya mganga, si kwa kelele za watazamaji. Adhabu iwe ya kumfunza, isiwe ya matusi wala ya mkono. Na awepo msaidizi kijana anayejifunza kazi kando yake, maana mwalimu mwema huacha mwalimu nyuma yake. Akiyakubali hayo, apewe misimu miwili kamili, na asisumbuliwe hata akipoteza michezo kadhaa, kwa kuwa bila shaka atapoteza. Benchi linapoanza kucheza, vikombe huchelewa. Wazazi walioomba mabadiliko wawe wa kwanza kumtetea siku hiyo.

Akiyakataa, basi mtaa na umshukuru kwa yote aliyoyatenda, umpe timu ya watu wazima ambao miili na maamuzi ni yao wenyewe, na utafute mwingine kwa ajili ya vijana. Si kumtupa. Dereva hodari wa lori si lazima awe ndiye wa kuwafundisha wanaoanza kushika usukani.

Katika nyumba ile ya sajini, mazungumzo huenda yakaendelea mpaka taa izimwe. Baba atakumbuka kwamba hata yeye, alipoingia jeshini, alifundishwa kufungua bunduki na kuifunga tena kabla ya kupelekwa zamu ya kwanza. Hakuna aliyemweka pembeni mwaka mzima na taulo begani kisha akamwita askari. Mama atakumbuka kwamba mtoto wake hurudi kutoka mazoezini akiwa na furaha, na furaha hiyo si kitu cha kudharau. Wote wawili watakuwa na sehemu ya haki.

Kijana akirudi nyumbani Jumamosi jioni, watu wa nyumbani humwuliza, "Mmeshinda?" Ni swali la haki, na jibu lake husikika hadi barabarani. Baada yake na liulizwe la pili, polepole, wakati anapovua viatu: "Leo mwalimu amekufundisha nini?" Mwalimu ambaye vijana wake 12, wa kwanza hadi wa mwisho, wana jibu la swali hilo kila wiki, huyo abaki, hata kama makofi yatapungua. Na yule ambaye ni vijana 5 tu wenye jibu, aelezwe mapema, kwa upole na bila woga, kwamba timu ina watoto 7 wengine, nao pia wana wazazi.