Moshi wa Sigara na Akili za Wazee Wetu

Madhara ya sigara kwa mapafu ya mvutaji yamekwisha kuelezwa mara nyingi hata watu wamechoka kuyasikia. Shabaha ya makala haya ni nyingine: ubongo wa mtu asiyevuta, ambaye umri wake umesogea, naye anakaa nyumba moja na mvutaji.

Dunia ilianza kuutazama kwa makini moshi wa wengine mwaka 1981, pale Takeshi Hirayama wa Japani alipochapisha habari za wake 91,540 wasiovuta, waliofuatiliwa kwa miaka 14. Wale ambao waume zao walivuta sana walipatwa zaidi na saratani ya mapafu. Wenye viwanda vya tumbaku walipinga kwa nguvu, kama ilivyotazamiwa.

Zamu ya ubongo ilichelewa. Mwaka 2009 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa watu 4,809 wasiovuta, wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Hawakuridhika na maswali matupu, kwani mtu husahau, na mwingine huona haya kumsema mwenziwe. Walipima mate. Nikotini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kotinini, na hiyo hutoa ushahidi usio na upendeleo. Robo ya watu waliokuwa na kotinini nyingi, wakilinganishwa na robo iliyokuwa na kidogo kabisa, walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 44 hivi wa kuonyesha upungufu wa kumbukumbu na fikra.

Msomaji mwangalifu atauliza: ni moshi ulioleta upungufu huo, au ni umaskini na maradhi yanayokaa pamoja na moshi? Swali ni la haki, na uchunguzi uliopima watu mara moja hauwezi kulimaliza. Hata hivyo, njia anayopita adui huyu si ya kubahatisha. Moshi huudhuru utando wa ndani wa mishipa ya damu, na kuifanya damu igande upesi. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilisema kwamba moshi wa wengine huongeza hatari ya kiharusi kwa asilimia 20 hadi 30. Na kiharusi, hata kile kidogo kisichotambuliwa, ni mlango mpana wa demensia, yaani maradhi ya kupotewa na akili uzeeni.

Wala demensia si maradhi ya Wazungu. Uchunguzi wa wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapata wagonjwa wapatao 6 katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kwetu wagonjwa wa namna hiyo huambiwa ni uzee tu, au wamerogwa. Wengine, vibaya zaidi, huambiwa wao ndio wachawi.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zimebana uvutaji mahali pa hadhara. Ni vema. Lakini mzee hashindi ofisini wala ndani ya basi, hushinda sebuleni. Kijana hutoka nje ya ofisi kuvuta kwa kuogopa faini, kisha jioni huvuta ubavuni mwa mama yake, kwa kuwa mama hatozi faini. Naye mama anayelishwa na mwanawe hasemi neno. Sipendekezi polisi waingie majumbani. Nasema tu kwamba kufungua dirisha hakutoshi. Mvutaji na atoke uani.

Nitajibiwa kwamba moshi wa kuni jikoni ni mwingi zaidi. Kweli, nao unahitaji gesi, na gesi ina bei. Kutoka uani hakuna bei.

Kwa waganga wa zahanati nina ombi: mzee aliyeanza kusahau akiletwa, aliyemleta aulizwe nani huvuta nyumbani. Na sisi wa vyuo vikuu tuanze kupima kotinini katika mate ya wazee wetu wenyewe, badala ya kuendelea kuazima tarakimu za Uingereza.