Risasi haisubiri rufaa

Mwaka 2017 mkoa wa Singida ulikuwa na wabunge wawili ambao majina yao yaliandamana na ndege za wagonjwa. Lazaro Nyalandu, wa Singida Kaskazini, alihangaika kuwatafutia wengine ndege. Tundu Lissu, wa Singida Mashariki, alipandishwa mwenyewe akiwa na majeraha ya risasi. Safari ya kwanza ilishangiliwa na nchi nzima. Ya pili ilizaa ubishi juu ya nani alipe, na ubishi ule haukumalizwa kwa haki. Msimamo wa gazeti hili ni kwamba Bunge lilikosea kuhusu matibabu ya Lissu, likakosea tena lilipomvua ubunge, na kwamba mwanya uliotumika kufanya hivyo usipozibwa, atakayeumia kesho anaweza kuwa wa chama chochote au asiwe na chama kabisa.

Tuanze na safari iliyokwenda vizuri. Mei 6, 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Watoto watatu walitolewa hai, mifupa imevunjika vibaya. Wamarekani wa shirika la STEMM, lenye makao Sioux City katika jimbo la Iowa, walikuwa wakipita njia ileile. Wakasimama, wakaingia korongoni kusaidia. Nyalandu akashika simu. Siku nane baada ya ajali, Mei 14, ndege ya Samaritan's Purse iliruka kutoka Uwanja wa Kilimanjaro na watoto wale, wazazi wao na wahudumu wa afya. Pasipoti zilipatikana, viza zikapatikana, hospitali ikawapokea. Agosti walirudi nyumbani.

Hakuna aliyesimama kuuliza jopo la madaktari wa Muhimbili lilikaa lini kuwajadili, wala fomu ilisainiwa na nani wizarani. Nchi ilifanya vyema kutouliza.

Miezi minne baada ya ajali ile, Septemba 7, Lissu alikuwa akirejea nyumbani kwake Area D, Dodoma, baada ya kikao cha asubuhi cha Bunge. Wale ambao nchi ilishazoea kuwaita watu wasiojulikana waliimiminia gari lake risasi; 16 zikampata. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma walimshika akiwa katikati ya uhai na mauti, na heshima ya kwanza katika habari hii ni yao. Usiku uleule alisafirishwa kwa ndege ya kukodi hadi Nairobi. Aliyeidhamini ndege hiyo ili ilipwe baadaye alikuwa Salim Turky, mbunge wa Mpendae, Zanzibar, na mwana CCM, chama tawala ambacho Lissu alikuwa mpinzani wake. Tunalikumbusha hili kwa makusudi, maana siku hizi kuna wanaosimulia usiku ule kana kwamba kila mtu alibaki upande wa chama chake.

Januari 2018 Lissu alihamishwa kutoka Nairobi kwenda hospitali ya chuo kikuu huko Leuven, Ubelgiji. Kwa jumla alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 20. Huku nyumbani, swali la bili lilikuwa limeshageuka siasa.

Hoja ya Bunge chini ya Spika Job Ndugai, ambaye sasa ni marehemu, ilikuwa nyepesi kueleza: mbunge akitibiwa nje kwa fedha za umma, lazima apitie Muhimbili, madaktari wathibitishe kwamba tiba haipo nchini, wizara itoe kibali. Lissu hakupita huko. Familia na chama chake walichagua Nairobi. Kwa hiyo Bunge halilipi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alisema Serikali iko tayari kugharamia, mradi familia iombe na utaratibu wa madaktari ufuatwe.

Utaratibu huo hatuudharau. Uliwekwa kwa sababu. Kulikuwa na miaka ambayo kila mwenye cheo akiumwa kichwa alitaka tiketi ya India, na fedha za kigeni zikawa zinatoka wakati wodi za mikoani hazina hata glovu. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa Muhimbili zimejengwa ili Mtanzania atibiwe kwao, na kazi yao inaonekana. Mgonjwa wa moyo anayeweza kusubiri mwezi mmoja apite jopo. Ndivyo inavyopaswa kuwa.

Lakini utaratibu ule unamhusu mgonjwa anayeweza kusubiri. Mtu aliyepigwa risasi saa saba mchana hawezi kusubiri jopo la Jumatatu. Na hapa wana Singida hawahitaji kufundishwa na mwanasheria. Mama wa kijijini Ikungi akikwama na uzazi usiku, muuguzi wa zahanati hamwambii akae kwenye benchi mpaka karatasi ya rufaa ikamilike. Anampakia kwenye gari kwenda Makiungu, hospitali ambayo masista Wakatoliki waliianzisha miaka ya 1950, na fomu anaijaza juu ya goti lake garini, kalamu ikiruka kila tairi likipiga shimo. Kama Makiungu wakishindwa, safari inaendelea hadi hospitali ya mkoa, Mandewa, au Dodoma. Karatasi inamfuata mgonjwa. Ikiwa muuguzi wa zahanati anaruhusiwa kutumia akili hiyo, kwa nini ofisi ya Bunge ilijifanya haiijui?

Kuna jambo jingine ambalo hoja ya utaratibu haiwezi kulimeza. Mtu huyu alipigwa risasi mchana kweupe, katika eneo la makazi ya viongozi, na waliofanya hivyo hawakukamatwa. Miaka imepita na hatujaona mtuhumiwa aliyepandishwa kizimbani. Familia iliyokataa kumlaza ndani ya nchi usiku ule haikuwa ikidharau madaktari wa Muhimbili. Iliogopa mlango wa wodi utalindwa na nani. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, na Serikali iliyoshindwa kuiondoa haikuwa na uso wa kuifanya kosa la mgonjwa.

Tena, kutibiwa nje si jambo geni kwa wakubwa wetu wala si aibu. Mwalimu Nyerere alifia Hospitali ya St Thomas', London, Oktoba 14, 1999. Rais Kikwete alifanyiwa upasuaji Johns Hopkins, Marekani, Novemba 2014, akaja kulieleza taifa kinagaubaga. Naibu Waziri Harrison Mwakyembe na Waziri Mark Mwandosya walitibiwa India. Spika Ndugai mwenyewe alikaa India kwa matibabu mwaka 2016, Naibu wake akaongoza vikao, na hakuna mwenye akili aliyesema kiti chake kiko wazi.

Bunge lilijitetea kwa mambo mawili. Kwanza, wabunge walichanga: walikatwa nusu ya posho ya siku, zikapatikana shilingi milioni 43, zikapelekwa Nairobi. Pili, mshahara wa Lissu uliendelea kuingia. Yote mawili ni kweli, na wabunge waliochanga tunawapongeza, wa CCM kwa wa upinzani. Ila mchango wa wenzako hauondoi wajibu wa mwajiri. Lissu alidai kwa kuegemea Sheria ya Uendeshaji wa Bunge ya mwaka 2008, na dai hilo lilistahili jibu la kisheria, kifungu kwa kifungu, siyo kusomewa bungeni orodha ya fedha alizopokea kana kwamba ameshukiwa wizi. Hata mshahara wenyewe, Februari 2019 Spika alikubaliana na hoja ya kuusitisha.

Kisha likaja la Juni 28, 2019. Wakati wa kuahirisha mkutano wa bajeti, Spika alitangaza kiti cha Singida Mashariki kuwa wazi. Sababu zilikuwa mbili: mbunge hajahudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika, jambo linalotajwa katika Ibara ya 71 ya Katiba, na hakujaza tamko la mali. Spika alieleza kuwa hajui mbunge huyo yuko wapi.

Hajui? Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, alikwenda kumjulia hali hospitalini Nairobi Novemba 2017, picha zikatoka katika kila gazeti. Mzee Ali Hassan Mwinyi naye alikwenda. Safari ya kwenda Ubelgiji ilitangazwa. Kama kuna mgonjwa wa Tanzania ambaye anwani yake ilijulikana na dunia, ni huyu.

Wapo watakaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba mapema 2019 Lissu alizunguka Ulaya na Marekani, akahojiwa na BBC mjini London, akaisema vikali Serikali. Mwenye nguvu za kupanda ndege kwenda studio, wanauliza, anashindwaje kuja Dodoma? Jibu ni kwamba mtu anaweza kuketi kwenye kiti akajibu maswali leo, na kesho akarudi kwa daktari wa mifupa kupangiwa upasuaji mwingine wa mguu. Kupona ni safari ndefu, na nusu yake mtu huipitia akiwa amevaa suti. Hata hivyo hatumwachi mbunge huyo bila neno. Yeye ni wakili, chama chake kimejaa mawakili. Waliijua Ibara ya 71 kuliko wengi. Walijua pia wanashughulika na Spika asiyewapenda. Barua ya daktari wa Leuven ilipaswa kuwa mezani kwa Spika kabla ya kila mkutano, na nakala yake magazetini, ili pasibaki hata upenyo wa sindano.

Lakini uzembe wa makaratasi, kama ulikuwapo, hauadhibiwi kwa kuwanyang'anya wananchi mwakilishi wao. Na hao ndio waliosahauliwa katika mzozo wote. Julai 2019 Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Ikungi, ambamo jimbo hilo limo, alitangazwa mbunge bila kupingwa. Mkulima wa alizeti wa Ikungi hakupiga kura hata moja. Alimchagua mtu mwaka 2015, mtu huyo akapigwa risasi, akaenda kutibiwa, na mkulima akaletewa mwingine. Lissu alipokwenda Mahakama Kuu, Septemba 2019 maombi yake yalikataliwa kwa maelezo kwamba njia aliyopita siyo. Kwa hiyo swali la msingi, yaani kama mbunge aliye matibabuni anaweza kuvuliwa kiti kwa kutohudhuria, halikupata jibu.

Kesi ya uhaini aliyofunguliwa Aprili 2025 ni ya mahakama na hatuigusi hapa. Tunazungumzia bili na kiti.

Mtu wa kawaida wa mkoa huu anaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa. La hasha. Novemba mwaka uleule wa 2017, Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu: pasipoti zimeshikwa na mwajiri, mishahara inakatwa, saa za kazi hazina kikomo. Mabinti wa Singida wamekuwa wakitafutwa kwa kazi za ndani tangu enzi za Dar es Salaam, na sasa ramani imefika Muscat. Binti aliyenyang'anywa pasipoti akishikwa na homa hana Spika wa kumwandikia. Anamwomba bosi ruhusa ya kwenda hospitali, na bosi akikataa anabaki jikoni. Hali ikiwa mbaya, habari inafika kijijini kwa ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Daftari la michango linafunguliwa, kuku wanafungwa miguu wanapelekwa mnadani, gunia la vitunguu linauzwa kabla ya bei kupanda. Kuna familia zinazochangia tiketi ya kumrudisha mgonjwa na kuishia kuchangia jeneza.

Nchi iliyoweza kuwasafirisha watoto watatu ndani ya siku nane haikosi uwezo. Inachokosa ni kanuni inayofanya kazi hata pale ambapo mgonjwa hapendwi au hajulikani.

Kwa hiyo tunalitaka Bunge kwanza lipokee upya madai ya gharama za matibabu ya Lissu ya Nairobi na Leuven, liyahakiki risiti kwa risiti kwa kutumia madaktari na wakaguzi, na lilipe kile kinachostahili chini ya sheria. Likiona hakuna kinachostahili, liandike sababu zake na kuzitoa hadharani ili zipimwe mahakamani.

Pili, Kanuni za Bunge zitamke kwamba mbunge aliye matibabuni, ndani au nje, kwa cheti cha daktari, hahesabiwi mtoro, na cheti hicho kikishapokelewa na Katibu wa Bunge hakihitaji hisani ya Spika.

Wizara ya Afya nayo iweke kifungu cha dharura katika utaratibu wa rufaa za nje: mgonjwa aliyevushwa mpaka ili kuokoa maisha aombewe kibali baada ya kutulia, ndani ya muda uliotajwa, na jopo limhukumu kwa jeraha lake. Kwa wanaokwenda Ghuba, TaESA, chombo cha Serikali cha huduma za ajira, kisipitishe mkataba wowote ambao haumlazimishi mwajiri kumkatia mfanyakazi bima ya matibabu na kumwachia pasipoti yake mkononi. Mikataba inapita mezani kwao. Hiyo haihitaji sheria mpya wala bajeti, na inaweza kuanza Jumatatu.