Kinachouzwa ni kisa

Takahashi Ganari alitoka kwenye utayarishaji wa vipindi vya televisheni, na mwaka 1995 akaanzisha Soft On Demand, kampuni ya Japani ya video za watu wazima. Ujuzi wa televisheni ulionekana mara moja: video nyingi zilisimama juu ya kisa. Maarufu zaidi ni lori la kuta za kioo. Aliye ndani anaiona barabara yote, wapita njia hawamwoni.

Ni ubunifu, hilo likubaliwe. Lakini kisa kama hicho humwaminisha mtazamaji kwamba mwanamke ameokotwa njiani, na mkataba wake wa kuigiza unasahaulika.

Tangu Juni 2022, sheria ya Japani inataka mwezi mmoja upite kati ya mkataba na kurekodi, kisha miezi minne kabla ya kuuza. Ulinzi huo ulichelewa mno.