Helikopta ya Kuzima Moto Yalipwa na Nani?



Wako watu katika skimu zetu za Kinangop na Ol Kalou wasemao, "Msitu ni wa Serikali, basi na moto wake ni wa Serikali." Wakiona moshi juu ya milima ya Nyandarua hukaa uani, hutazama juu na kuulizana, "Mbona helikopta haijafika?" Nataka tuizungumze helikopta hiyo, maana gharama yake hutoka katika kodi yako.

Tufanye hesabu. Helikopta ndogo hubeba maji katika ndoo kubwa inayoning'inia chini yake kwa kamba. Tuseme ndoo hiyo yachukua lita 800, yaani mapipa manne. Ikiwa bwawa li karibu, na safari ya kwenda na kurudi ni dakika 10, basi kwa saa moja italeta mapipa 24. Kwa saa hiyo hiyo itakunywa karibu lita 180 za mafuta ya ndege. Bwawa likiwa mbali, maji yapungua lakini mafuta hayapungui. Tena juu kule, kupita mita 3,000, hewa ni nyepesi na mapanga ya ndege hayapati nguvu yake yote, hivyo rubani hulazimika kupunguza maji. Kilele cha Kinangop ni mita 3,906.

Na mafuta ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Yuko rubani, yuko fundi, iko bima. Viko vipuri vyenye saa zilizohesabiwa: saa zikiisha hutolewa na kutupwa, hata kama vyaonekana vizima. Nani kati yenu angekubali kuendesha trekta namna hiyo?

Maji yale yakimwagwa hupunguza ukali wa moto, lakini kwa kitambo tu. Moto wa majani na vichaka vya mlimani hufuka chini kwa chini katika mizizi, na upepo wa mchana ukija huamka tena. Anayeumaliza ni mtu mwenye jembe na panga. Moto ulipowaka Mlima Kenya Machi 2012, na tena Nyandarua Februari 2022, walinzi wa misitu na wa wanyama walipanda kupigana nao kwa miguu, pamoja na watu wa vijijini.

Hata matajiri wameonja jambo hili. Idara ya Misitu ya Marekani mwaka 1995 ilitumia asilimia 16 ya fedha zake kwa kazi ya moto. Mwaka 2015 kazi hiyo ilikula zaidi ya nusu. Huko helikopta ya mkataba hulipwa kwa saa inazoruka, na hulipwa pia kwa siku inazokaa chini ikingoja. Fedha zilipunguzwa katika kazi nyingine za idara hiyo, pamoja na kutunza misitu ili isiwake. Mwaka 2018 Bunge lao likapitisha sheria ya kutenga fungu la pekee kwa ajili ya moto.

Sisemi helikopta haina kazi. Kazi yake bora ni kuwapandisha watu 5 au 6 wenye majembe mpaka mahali ambapo kwa miguu wangefika jioni, moto ukiwa bado mdogo. Kwa kazi hiyo naikubali. Lakini kuiita siku ya nne, wakati mlima wote wawaka, ni kununua maji kwa bei ya maziwa.

Maoni yangu ni haya. Serikali iwalipe vijana wa vyama vya misitu wafyeke kinga za moto mwezi wa Desemba, kabla ya jani kukauka, wala isingoje Februari ili kulipa ndege. Mkulima wa Kinangop ajua jinsi baridi ya usiku wa Januari iunguzavyo majani. Wiki mbili tu na malisho yote ni kama karatasi. Fedha zikilipwa kijijini hubaki kijijini.

Na wewe, bwana, na wewe, mama, mna sehemu yenu. Usichome mabua karibu na mpaka wa msitu mchana penye upepo. Mrina asali aondokaye na kuacha kinga cha moto chini ya mti, mwulize. Sheria ya Misitu ya 2016 yakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa, lakini askari wa msitu ni wachache na wewe ndiwe jirani. Mlima ukiungua, mvua ya kwanza itateremsha majivu na udongo katika Mto Malewa na vijito vinywewavyo na ng'ombe wako.

Basi chama chenu kikutane mwezi wa Novemba, kigawane mpaka kipande kwa kipande, na kila kipande kifyekwe upana wa hatua kumi au zaidi. Majina ya wenye vipande yaandikwe, na nakala apelekewe Bwana Misitu, ili ajue ni nani wa kumwita moshi uonekanapo.