Jina walilichukua bure kwetu, sasa wanawapimia mashabiki dakika

1.
Jamani, leo nina neno refu kidogo, mnivumilie. Kuna tamthilia ya Kimarekani inaitwa Star Trek, ilianza Septemba 1966, ya chombo kinachozunguka kwenye nyota. Ndani yake yumo dada mweusi, ofisa wa mawasiliano, anaitwa Uhura. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alisimulia mwenyewe: siku ya usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark, riwaya ya Kenya, jina lake Uhuru. Neno likapendwa, likageuzwa herufi ya mwisho, dada akapata jina. Hilo ndilo neno ambalo Tanganyika tulilipata Desemba 1961. Walilichukua bure, hatukudai senti. Sawa tu, neno zuri husafiri. Ila lishikeni hilo, nitalirudia.

2.
Watu wananiambia: "Nesi, achana na filamu za mashabiki, sare za kushona mtaani, angalia mpya za studio, picha kali." Picha kali nakubali. Ya 2009, iliyoanzisha hadithi upya kwa sura mpya, ilitumia kama dola milioni 150. Lakini mimi nikiangalia namtafuta nesi mwenzangu, Christine Chapel. Humo anaitwa jina tu, uso hauonekani. Ya 2013 anatajwa kwamba alishaondoka. Basi! Milioni 150, na nesi hana hata kiti.

3.
Kwani zamani alikuwa na kazi gani? Tafuteni kipindi cha 1967 kinaitwa The Changeling. Mtambo unamfuta Uhura akili yote, anapelekwa chumba cha wagonjwa kufundishwa upya kusoma, kama mtoto wa chekechea. Anayekaa naye ni nesi Chapel. Na Uhura akikwama kwenye Kiingereza, anaangukia kwenye Kiswahili! Wodini nimemuona mzee aliyepata kiharusi, Kiswahili chote kimepotea, kimebaki Kimakonde cha utotoni. Nikajua yule aliyeandika kipindi kile alimfikiria mtu, hakufikiria milipuko.

4.
Sasa waangalieni mashabiki. Mwaka 2007 walimrudisha Nichelle Nichols mwenyewe, bibi wa zaidi ya miaka 70, akawa Uhura tena katika Of Gods and Men. Mwaka huohuo wengine wakampa George Takei, yule Sulu wa pale usukani, hadithi yake mwenyewe, World Enough and Time. Ikapendekezwa kuwania tuzo ya Hugo. Wale wa pembeni wakaletwa katikati. Studio kuwapa Uhura na Chapel maisha yao kamili imesubiri mpaka 2022, kwenye Strange New Worlds. Nawapongeza, ila wamechelewa.

5.
Na jina la kwanza la Uhura, Nyota, mnadhani nani alilileta? Lilitoka kwa William Rotsler, mtu wa mashabiki kabisa, aliyewahi kushinda Hugo ya mchoraji shabiki. Aliliandika kwenye kitabu cha 1982, chenye ruhusa. Kwenye sinema lilisikika mara ya kwanza 2009. Miaka 27! Na kabla ya hapo, 1968, tamthilia ilipotaka kufutwa, ni mashabiki walioandika barua mpaka ikapata msimu wa tatu. Daktari bingwa ndiye anayesaini faili, sikatai. Lakini aliyekesha kitandani ndiye anayejua mgonjwa alitapika saa ngapi.

6.
Malipo ya kukesha ni haya. Juni 2016 wenye mali walitoa masharti. Filamu ya shabiki isizidi dakika 15, au vipande viwili visivyozidi 30. Isiwe mfululizo. Asilipwe mtu. Sare kama inauzwa madukani, iwe ya kwao, siyo ya kuiga. Na aliyewahi kuajiriwa kwenye Star Trek asishiriki. Someni tena hilo la mwisho. Maana yake Nichelle Nichols mwenyewe asingeruhusiwa kuwa Uhura! Na dakika 15, ndugu yangu, hata makabidhiano ya zamu hayaishi.

7.
Najua mtasema: na wizi je? Kweli, kuna kikundi kiliitwa Axanar, kilichangisha zaidi ya dola milioni moja, kikashtakiwa mwishoni mwa 2015. Pesa kama hiyo nakubali iulizwe. Na sisi Dar tunaujua wizi: Bongo movie zimeumizwa na wanaodurufu kazi ya mtu na kuiuza barabarani, huku sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA ipo. Sitetei hao. Anayedurufu hakuongeza kitu, anakula jasho. Anayeshona sare, akaandika hadithi yake na asiuze, ameongeza. Kuwapa wote wawili dawa moja ni uvivu wa kupima.

8.
Sisi hili tunalijua kuliko wao. Vibanda umiza vya huku kwetu vilijaa watu kumsikiliza Lufufu akisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na utani juu. Wakaliga kule Kampala, Isaac Nabwana alipenda filamu za mapigano, akatengeneza za kwake mtaani, na Who Killed Captain Alex? ya 2010 imeangaliwa dunia nzima. Hawakusubiri studio.

9.
Kwa hiyo wewe kijana wa Mbagala, wewe dada wa Tandale mwenye simu na shoga yako fundi cherehani: tengenezeni Uhura wenu. Azungumze Kiswahili cha kwetu, na nesi awe na kiti. Hizo dakika 15 zitoshe kuanzia. Wakiwauliza ruhusa mmeipata wapi, na nyinyi waulizeni jina walilipata wapi.

Naingia zamu ya usiku. Mkibishana, bishaneni kwa heshima.